Nyimbo za Kwaya Ndani ya Simu: Nani Hasa Anazipiga?

Tuchukue kwaya ya kigango kimoja huko Zuzu, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Wanakwaya wamejichangisha, wamempata kijana anayejua kutengeneza programu za simu, na wanataka programu yenye ratiba ya mazoezi, orodha ya michango na nyimbo zao. Ratiba na michango haviwezi kumsumbua kijana huyo. Atakwama kwenye nyimbo, na kwa kawaida atakwama kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema: wimbo ukisikika ndani ya programu hii, nani hasa anaupiga?

Jibu jepesi kuliko yote ni kwamba anaupiga mwingine. Unaweka kiungo, mwanakwaya anakigusa, simu inamfungulia Boomplay, Spotify au YouTube, na wimbo unasikika huko. Watengenezaji wengi huidharau njia hii kwa sababu haionyeshi ufundi wao. Mimi naiheshimu. Haihitaji mkataba wala ufunguo wa siri, haiharibiki kila kampuni ibadilishapo mitambo yake, na kila usikilizaji unahesabiwa mahali pake.

Lakini wateja huwa hawaitaki. Wanataka msikilizaji abaki ndani ya programu yao, na hapo ndipo kijana anapokwenda kusoma maelekezo ya Spotify, iliyofungua huduma zake Tanzania mwaka 2021. Atakachokikuta kinawashangaza wengi. Kwenye simu za Android, programu yako haipokei sauti hata kidogo. Inachofanya ni kuiamrisha programu ya Spotify iliyomo kwenye simu hiyohiyo: piga, simama, ruka wimbo. Kama mwanakwaya hana Spotify kwenye simu yake, hakuna kitakacholia. Na akitaka kuchagua wimbo anaoutaka wakati anaoutaka, lazima awe analipia Premium.

Kabla ya kuamrisha chochote, mwanakwaya lazima aingie kwenye akaunti yake na kuiruhusu programu yenu. Spotify humrudishia tokeni. Mtu yeyote anayenunua umeme wa LUKU analijua jambo hili: tokeni ina kikomo, na ikiisha unahitaji nyingine. Hii ya Spotify hudumu saa moja, kisha programu huomba mpya kimyakimya bila kumsumbua mtu. Hapa kuna kosa ambalo ningependa kila kijana alikwepe: kuficha nywila ya programu ndani ya programu yenyewe. Faili la kusakinisha programu kwenye Android linaweza kufunguliwa na yeyote mwenye kompyuta, na nywila ikaonekana wazi. Utaratibu uitwao PKCE uliwekwa kwa ajili hiyo. Kila mtu anapoingia, simu hujitungia siri mpya ya matumizi ya mara moja, na hakuna nywila ya kudumu iliyobaki ya kuibwa.

Yote hayo kijana anaweza kuyajifunza. Asichoweza kukivuka ni masharti. Tangu Mei 2025, Spotify huruhusu programu kufunguliwa kwa umma mpana endapo mwombaji ni taasisi iliyosajiliwa na yenye watumiaji hai wasiopungua 250,000 kwa mwezi. Chini ya hapo, programu hubaki katika hali ya majaribio, ikiwa na watumiaji wachache waliosajiliwa mmojammoja. Kwaya ya Zuzu, hata ikiongezewa majirani zake wote, haitaifikia idadi hiyo. Kijana anayeahidi kuiunganisha kwaya na Spotify bila kulisema hili anauza kitu ambacho hana.

YouTube ndiko nyimbo nyingi za kwaya ziliko, kwa hiyo wengi hukimbilia huko. Unaruhusiwa kuweka kicheza video cha YouTube ndani ya programu yako. Huruhusiwi kuchomoa sauti na kuacha video, wala kuuacha wimbo uendelee wakati skrini imezimwa. Mama anayetaka kusikiliza wimbo huku akipalilia mizabibu analazimika kuiacha skrini ikiwaka na video ikila bando. Zipo programu nyingi zinazokiuka masharti hayo, na siku zikigundulika huondolewa, pamoja na kazi yote iliyofanyika humo.

Basi turudi kwa kwaya yenyewe na tumwangalie mtumiaji kwa makini. Mwanakwaya hasikilizi kama mpenzi wa muziki aliyeko safarini. Anarudia wimbo mmoja mara ishirini, thelathini, mpaka sauti yake imkae. Wimbo wa dakika 4 ukitiririshwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde unakula karibu MB 2.9. Ukitiririshwa upya mara 30, ni zaidi ya MB 86 kwa wimbo mmoja tu. Faili hilohilo likipakuliwa mara moja na kuhifadhiwa kwenye simu, marudio yote yaliyobaki ni bure, mtandao uwepo usiwepo.

Zaidi ya hapo, mwanakwaya wa besi anahitaji kuisikia besi peke yake. Huduma za kutiririsha kwa kawaida hazimletei hiyo. Mwalimu wa kwaya ndiye anayeweza kurekodi soprano, alto, tenor na besi, kila moja na faili lake. Kwa hiyo kwa kwaya kama hii ningeacha kabisa kuunganisha huduma ya nje, niweke faili za kwaya kwenye seva ndogo, na programu yenyewe ndiyo ipige. Sauti moja isiyo na ala inasikika vizuri kwa kilobiti 32 katika mfumo wa Opus. Kwa wimbo wa dakika 4, sauti zote nne pamoja na wimbo kamili kwa kilobiti 48 ni karibu MB 5.3. Kwa simu za iPhone, AAC ni salama zaidi.

Hapa nina tahadhari moja inayowahusu hasa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, na ala zao. Kubana sauti kunatupa kwanza kile ambacho mashine inadhani sikio halitakikosa, na milio mikali ya juu ndiyo huumia mapema. Wimbo wenye kayamba na njuga ukibanwa mno, mlio wake unageuka kama mchanga unaomwagika. Nyimbo hizo zipewe kilobiti 96 au zaidi. Sikilizeni kwa masikio yenu kabla ya kukubali.

Programu inayopiga yenyewe inabeba majukumu yake. Simu ikiita, wimbo unyamaze na baadaye uendelee palepale. Skrini ikizimwa, wimbo usikatike, na Android humtaka mtengenezaji aitangaze kazi hiyo waziwazi. Tangu toleo la 14 ni lazima ataje kwamba ni kazi ya kupiga muziki. Wengi husahau hatua hii, kisha wanailaumu simu.

Haki za nyimbo nazo ziwekwe sawa. Kwaya kurekodi wimbo hakuifanyi iwe mmiliki wa utunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na kama mtunzi ni mwalimu wa parokia nyingine, ruhusa yake ya maandishi itafutwe kabla ya faili kupandishwa. COSOTA ndiyo ofisi ya hakimiliki ya kuuliza panapokuwa na utata.

Rekodi kamili za studio bado zinastahili kupelekwa Boomplay na Spotify kupitia msambazaji, ili jamaa walioko Mwanza au Muscat wazipate. Kila rekodi itapewa ISRC, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, na jina la kwaya liandikwe kwa namna moja kila mara. Leo “Mt.”, kesho “Mtakatifu”, na mashine inaweza kuihesabu kwaya moja kuwa mbili, nyimbo zikagawanyika kurasa mbili na wasikilizaji wakapata nusu. Katibu wa kwaya aandike jina hilo kwenye daftari, pamoja na orodha ya watunzi na namba zote za ISRC, na nakala apewe kijana kabla hajaanza kazi.