Kununua Kigari cha Betri

Wanafunzi wa zamani wa shule hii wamo katika mashauri ya kuinunulia shule kigari cha umeme, namna ile itumiwayo na wachezaji wa gofu, ili kichukue wagonjwa hadi zahanati na masufuria ya chakula kutoka jikoni mpaka mabweni ya juu. Ni shauri jema. Hapa Kansanga, mtu akiiacha barabara ya Ggaba na kuelekea upande wa Muyenga, mara huanza kupanda, na mwenye homa hapandi kilima kwa furaha. Lakini kigari kinachozungumzwa si kipya. Ni cha mtumba. Na fedha zimechangwa na watu wengi, baadhi yao vijana walioajiriwa juzi. Kwa hiyo yafaa kila aliyechanga aelewe ni kitu gani hasa kinachonunuliwa.

Mtu akitaka kuviona vigari hivi vikiwa kazini, aende viwanja vya gofu vya Kitante, Entebbe au Kigo. Majina yaonekanayo mara nyingi ni Club Car, E-Z-GO na Yamaha. Kampuni mbili za kwanza ni za Marekani. E-Z-GO ilianzishwa mwaka 1954, mwaka ule ule Malkia Elizabeth alipokuja Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale. Club Car ilianza mwaka 1958. Lakini jina lililoandikwa mbele halina uzito kama vitu vilivyofichwa chini ya kiti.

Vitu hivyo ni betri. Inua kiti nawe utaziona zimepangwa, mara nyingi sita, zimeunganishwa kwa nyaya nene moja baada ya nyingine. Kama kila moja ni ya volti 6, jumla ni volti 36. Kama kila moja ni ya volti 8, jumla ni 48. Mwili wa kigari waweza kunyoshwa na kupakwa rangi. Kiti chaweza kushonwa upya, na mafundi wa Katwe wataunga chuma chochote kilichokatika. Bali betri iliyokufa haifufuliwi na fundi yeyote, na bei ya betri sita mpya huweza kukaribia bei ya kigari kikuukuu chenyewe. Mnunuzi asiyejua hayo hulipa mara mbili: mara ya kwanza kwa muuzaji, na mara ya pili, miezi michache baadaye, kwa mwenye duka la betri.

Kwa nini hufa? Wenzangu wa madarasa ya kemia watanifuata kwa urahisi. Ndani ya kila chumba cha betri mna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yamezama katika asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, mabamba ya pande zote mbili hugeuka kidogo kidogo kuwa salfeti ya risasi, na asidi hupungua ukali ikakaribia kuwa maji. Ukiichaji, mambo hurudi nyuma kama yalivyokuwa. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya namna hii mwaka 1859, na msingi wake ni ule ule mpaka leo. Sasa, salfeti hiyo ikiwa changa hukubali kurudi. Ikiachwa wiki nyingi bila kuchajiwa hugeuka chembe kubwa ngumu, zikang'ang'ania mabamba, na sehemu hiyo ya betri huwa imepotea. Hata betri isiyotumiwa kabisa hupoteza sehemu ya chaji yake kila mwezi.

Fikirini basi safari ya kigari kinachonunuliwa Marekani au Dubai. Hupakiwa katika kontena, husafiri baharini, hukaa bandarini Mombasa kikingoja karatasi, kisha huja kwa lori kupitia Malaba. Wakati wote huo hakuna anayekichaji. Betri iliyoondoka na nguvu nusu hufika ikiwa mgonjwa mahututi, hata kama umri wake ni mdogo. Ni vivyo hivyo hapa shuleni wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka: kigari kikifungiwa Desemba na kufunguliwa Februari, tutakuwa tumekiua wenyewe. Lazima pawe na mtu mmoja, mwenye jina lake katika daftari, ambaye atakichaji wakati sisi tupo nyumbani.

Yafaa pia kufahamu kwamba betri zilizounganishwa mfululizo hupitisha umeme ule ule, kiasi kile kile. Ni kama watu sita wanaopokezana ndoo ya maji katika mstari mmoja: mmoja akilegea, ndoo hukawia kwa wote. Kwa hiyo betri moja mbovu hukitia kigari kizima kilema. Wengine hudhani dawa ni kununua moja mpya na kuichanganya na kuukuu tano. Ile mpya hufanyishwa kazi na wazee wagonjwa, chaja haizitoshelezi zote sawasawa, na baada ya muda nayo huharibika. Kama tano ni kuukuu kweli, badili zote sita.

Tena kuna hila moja. Muuzaji aweza kutia chini ya kiti betri nne za motokaa, za volti 12 kila moja, akapata volti 48 zake kwa bei ndogo. Kigari kitakwenda, na siku ya majaribio kitakwenda vizuri sana. Lakini betri ya motokaa ina mabamba membamba, yaliyotengenezwa kwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini, kisha kupumzika. Ukiitumia kwa kuimaliza kila siku hufa upesi. Betri ya kigari ina mabamba manene. Basi soma maandishi ya ubavuni, wala usitosheke na kuhesabu volti. Na tazama alama ya tarehe: viwanda vingine hupiga muhuri wa herufi na tarakimu, herufi kwa mwezi, kuanzia A kwa Januari, na tarakimu kwa mwaka. Betri sita zenye tarehe sita mbalimbali zimekwisha kukueleza maisha yao.

Sasa tuje kwenye kupima, ambako mwanafunzi yeyote aliyemsikiliza mwalimu wa fizikia anaweza kumsaidia mnunuzi. Chumba kimoja cha betri ya risasi iliyojaa na kupumzika saa chache hutoa volti 2.12 hivi. Kigari cha volti 48 kina vyumba 24. Zidisha, upate karibu volti 50.9. Cha volti 36 kina vyumba 18, yaani volti 38.2. Ukipata pungufu baada ya kuchaji usiku kucha, pana jambo. Lakini kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwa sababu betri mbovu huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika, kama vile mtu mvivu aonekanavyo mwenye afya akiwa ameketi. Kuna haidromita, kile kioo chenye mpira wa kunyonya, ambacho hupima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji. Chumba kilichojaa huonyesha 1.265 mpaka 1.280. Hesabu kamili si muhimu sana kama usawa: vyumba ishirini na tatu vikisema 1.270 na kimoja kikisema 1.190, umempata mgonjwa.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni kilima. Chukueni kigari chenye watu wanne, uzito wote tuseme kilo 800, kikipanda mteremko wa mita moja kwa kila mita kumi, kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa nukta. Kila nukta chainuliwa nusu mita. Zidisha 800 kwa 9.8 kwa nusu: wati 3,920. Gawanya kwa volti 48, utapata ampea 80 na zaidi, na hizo ni za kuinua tu, bila kuhesabu upotevu wa mota, giya na matairi. Hapo ndipo betri dhaifu hujitoa. Mtu mmoja aendeshe, na mwingine aweke kipima-volti juu ya kila betri kwa zamu, kila safari betri moja. Ile itakayoshuka chini kupita wenzake ndiyo yenye ila. Jambo hili lifanywe katika njia ya ndani yenye mwinuko, si barabara ya Ggaba kati ya teksi na bodaboda. Kigari cha gofu hakikuundwa kwa barabara hiyo wala mwendo wake hautoshi.

Jambo la chaja nalo huwakuta wengi ghafula. Umeme wa Marekani ni volti 120, mizunguko 60 kwa nukta. Wetu ni volti 240, mizunguko 50. Chaja iliyokuja na kigari kutoka huko, ukiitia moja kwa moja katika plagi ya hapa, huungua. Huenda mtu akasema, nunua transfoma ya kupunguza volti. Transfoma hupunguza volti lakini haibadili mizunguko, na chaja nyingi za zamani zina transfoma ya ndani iliyopimwa kwa mizunguko 60 kamili. Zikipewa 50 hupata moto na hazichaji ipasavyo. Njia ya salama ni chaja mpya ya volti 240 inayofaa kwa betri za namna ile ile. Bei yake ihesabiwe tangu mwanzo. Tena, chaja nyingi hazianzi kazi mpaka zihisi kwamba betri zina volti kidogo. Kigari kikikaa mpaka kikakauka kabisa, chaja hunyamaza, na watu huilaumu chaja.

Kuhusu utunzaji, neno kubwa ni maji. Kuchaji hupasua sehemu ya maji kuwa hewa za hidrojeni na oksijeni, kwa hiyo maji hupungua, na mabamba yakiachwa wazi juu ya maji huharibika. Yatazamwe kila majuma mawili. Ongeza maji baada ya kuchaji, si kabla, kwa kuwa asidi huvimba wakati wa kuchaji na kumwagika juu ya chuma. Na hapa nataka tuelewane vizuri kwa sababu ya lugha. Mtu akiomba "maji ya betri" dukani, aweza kupewa asidi, aweza kupewa maji safi yaliyokenekwa. Asidi haipotei kwa mvuke. Kinachopotea ni maji. Anayeongeza asidi kila mwezi huzichoma betri zake. Maji ya bomba nayo yana chumvichumvi. Soma chupa.

Hidrojeni hiyo hulipuka ikifika asilimia 4 katika hewa. Kigari kichajiwe mahali penye madirisha wazi, mbali na jiko la kuni na sigara. Anayeshughulikia betri avae miwani, avue saa na pete, na awe na maji mengi karibu. Betri zilizokufa zisivunjwe na wanafunzi wala kutupwa shimoni. Risasi ni sumu, na wanunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo.

Mengineyo yaangaliwe, lakini hayatishi. Chini ya betri tafuta kutu: fremu ya Club Car ni ya alumini, nyingine kwa kawaida ni za chuma, nazo huliwa na asidi kimya kimya. Nyaya zilizobadilika rangi kwa moto zibadilishwe. Ukikanyaga, sikiliza mlio wa swichi kubwa. Ikilia na kigari kisiende, tatizo huweza kuwa katika kontrola au brashi za mota. Breki mara nyingi zipo magurudumu ya nyuma tu, na kwa kilima chetu zipimwe kigari kikiwa kimejaa.

Wengine wamependekeza betri za lithiamu. Kwa kweli ni nyepesi, hazitaki maji, na huvumilia kutumiwa zaidi kabla ya kuchajiwa. Bali gharama ya kwanza ni kubwa, na ndani mna kibao cha umeme kinacholinda kila chumba. Kikiharibika betri nzima hujifunga. Muuzaji aonyeshe dhamana iliyoandikwa, na chaja iwe ya lithiamu. Madereva wa pikipiki za umeme hapa Kampala wana njia nyingine: kampuni kama Zembo hubaki na mzigo wa betri, na dereva hufika kituoni, huacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Uzee wa betri si shida yake tena, ingawa hawezi kwenda mbali na vituo. Kwa kigari kimoja cha shule sijaona njia ya kufanya hivyo, na kwa hiyo mzigo wa betri utakuwa wetu.

Basi kamati ikienda kukitazama, iombe kichajiwe usiku kucha mbele ya shahidi. Asubuhi volti zipimwe na kuandikwa, betri moja moja. Kisha kipande kilima kikiwa na watu wanne kwa nusu saa, na volti zipimwe tena. Muuzaji akisema betri "zimelala tu," au kwamba chaja imesahauliwa Mombasa, kihesabiwe kama kigari kisicho na betri wala chaja. Na bei ya betri sita mpya za mabamba manene iulizwe mjini kabla ya siku hiyo, iandikwe katika karatasi, ili mwenye kupatana awe nayo mfukoni na ajue ni shilingi ngapi za kupunguza.