Faragha ya Ujumbe wa Simu Ng'ambo: Msomaji Asiyealikwa (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufuatiwa, kuanzia Januari 2020, na kufungwa kwa laini ambazo hazikusajiliwa. Sehemu hii inahusu kile kinachopita ndani ya laini hizo, yaani ujumbe wa maandishi. Mtu anapoandika ujumbe akiwa Kikwajuni na kumpelekea mwenzake aliyeko Mwanakwerekwe, ni nani wengine wanaoweza kuusoma, na mwandishi wake ana uwezo gani wa kuwazuia? Mazungumzo kuhusu faragha ya simu huelekea zaidi kwa wadukuzi wa mbali, makampuni makubwa na vyombo vya dola, na hofu hizo zina msingi wake. Lakini kwa mkaazi wa Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, msomaji asiyealikwa aliye karibu zaidi ni yule anayekaa naye nyumba moja, anayemtengenezea simu au anayemuuzia dukani, na huyo ndiye ambaye simu, kwa jinsi inavyotoka kiwandani, humfungulia mlango kuliko wote.

Unguja ina historia ndefu ya ujumbe unaopita mikononi mwa wengine. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban, na tangu hapo bei za bidhaa na habari za meli ziliweza kufika Ulaya kwa muda mfupi badala ya kusubiri wiki nyingi. Telegramu hiyo, hata hivyo, ilisomwa na karani aliyeipokea dirishani na ikasomwa tena na karani aliyeiandika upande wa pili, na ndiyo maana wafanyabiashara wa zama hizo walitumia vitabu vya maneno ya siri, ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima, jambo lililopunguza gharama na kumnyima karani maana ya alichokishika.

Ujumbe mfupi wa simu ulirithi hali hiyo hiyo. Wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Disemba 1992 na mhandisi Neil Papworth kupitia mtandao wa Vodafone, ukiwa ni salamu ya Krismasi, na ulipita katika njia nyembamba ambayo simu na mnara huitumia kupeana ishara za kazi. Njia hiyo hubeba baiti 140 kwa mara moja, na kwa kuwa kila herufi ya alfabeti ya kawaida ya simu huchukua biti saba, hupatikana nafasi ya herufi 160. Ujumbe husimbwa, yaani hubadilishwa kuwa alama zisizosomeka, baina ya simu na mnara tu. Ukishafika kwa kampuni ya simu hufunguliwa, ukawekwa katika kituo cha ujumbe mpaka simu ya mpokeaji ipatikane, kisha ukapelekwa. Kwa maneno mengine, ujumbe mfupi husafiri kama kadi ya posta isiyo na bahasha, na kinachomzuia mfanyakazi wa kampuni asiusome ni sheria na nidhamu ya kazi, si ufundi wa chombo chenyewe.

Sheria hizo zipo na raia anapaswa kuzijua. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 katika ibara ya 16, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 katika kifungu cha 15, zote zinalinda mawasiliano binafsi ya mtu. Kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inatumika Zanzibar kama inavyotumika Bara, na inaharamisha kunasa mawasiliano ya mtu bila ya idhini ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inafika Zanzibar katika mambo ya Muungano pekee, na makampuni ya simu yamo ndani ya mipaka hiyo.

Kuhusu zile herufi 160, lipo jambo dogo linalowagharimu Waswahili fedha bila ya wao kulitambua. Alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe, ng'ambo na ving'ora ikiwa imenyooka imo katika alfabeti ya kawaida ya simu. Ile iliyopinda, ambayo kibodi za baadhi ya simu na kompyuta huiweka zenyewe, haimo. Ikiingia hiyo moja tu, simu isiyoinyoosha yenyewe hulazimika kuuandika ujumbe wote kwa mfumo mwengine ambao kila herufi huchukua nafasi kubwa zaidi, na kiwango hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ndivyo inavyokuwa pia taarifa ya msiba inapofunguliwa kwa herufi za Kiarabu: taarifa yenye jina la marehemu, wakati wa sala, msikiti na makaburi, ambayo ingetosha katika ujumbe mmoja, hukatwa vipande vitatu na kulipiwa vitatu, na mpokeaji mwenye simu ya zamani huweza kupata kipande cha mwisho kabla ya cha kwanza.

Kutoka kwenye mtambo, mazungumzo yarejee nyumbani, kwa sababu huko ndiko faragha inakopotea zaidi. Watengenezaji wa simu walifikiria mtu mmoja, simu moja na chumba chake, ilhali maisha ya Ng'ambo hayakupangwa hivyo. Katika nyumba za Mwembetanga, Miembeni na Kikwajuni, na hata katika fleti za Michenzani, simu huchajiwa ukumbini, hupewa mtoto atulie, huazimwa na jirani apige mara moja, na huachiwa dada amsomee mama asiyeona vizuri. Umeme ulipokosekana Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya waya wa baharini unaouleta kutoka Bara, watu walipeleka simu zao kuchajiwa palipokuwa na jenereta, wakaziacha kwa saa nyingi mikononi mwa watu wengine huku meseji zikiendelea kuingia. Ukarimu wa namna hiyo ni jambo jema na hakuna sababu ya kuuacha. Kinachohitajika ni kuipanga simu ili iweze kuazimwa bila ya kumwaga siri za mwenyewe.

Hatua ya kwanza si namba ya siri ya kufungulia simu, ambayo wengi wanayo tayari, bali ni arifa, yaani maneno yanayojitokeza kwenye kioo ujumbe unapoingia. Simu nyingi huonesha jina la mtumaji na mwanzo wa ujumbe hata zikiwa zimefungwa, hivyo aliyekaa karibu na chaja husoma bila ya kugusa kitu wala kukusudia. Katika simu za Android marekebisho yamo kwenye mipangilio ya arifa, penye sehemu inayohusu kioo kilichofungwa, ambapo mtumiaji huchagua kuficha maelezo na kubakisha ishara tu kwamba kuna ujumbe. Katika iPhone huchaguliwa kwamba maneno yasionekane mpaka simu ifunguliwe. Wenye vitochi hawana chaguo hilo katika aina nyingi, na kwao kinga iliyobaki ni kufuta ujumbe mara tu baada ya kuusoma.

Hatari ya arifa huonekana wazi zaidi katika namba za uthibitisho ambazo benki, huduma za fedha na WhatsApp huzituma kwa ujumbe mfupi ili kuhakikisha kwamba anayeingia ni mwenyewe. Aliyeshika simu iliyofungwa anaweza kuomba namba hiyo kutoka kwenye simu yake mwenyewe, akaisoma kwenye kioo, na akaihamisha WhatsApp ya mwenzake bila ya kuijua namba yake ya siri. Hata arifa zikifichwa, bado kuna njia nyengine: laini ikitolewa na kutiwa katika simu nyengine, namba zote za uthibitisho zitaingia huko. Kinga yake ni namba ya siri ya laini yenyewe, ambayo ni tofauti na ile ya simu, na ambayo huulizwa kila laini inapotiwa kwenye chombo au chombo kinapowashwa. Anayetaka kuiwasha aitafute kwanza namba ya mwanzo iliyokuja na kadi, wala asibahatishe, kwani akikosea mara tatu laini hujifunga na kudai namba ya tarakimu nane ya kuifungulia, na hiyo nayo ikikosewa mara kumi kadi inakufa. Kwa WhatsApp, uthibitishaji wa hatua mbili huongeza tarakimu sita anazozijua mwenyewe tu, na ni ajabu kwamba kinga nyepesi kama hii bado haijawashwa na watu wengi.

Meseji za fedha zinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mteja amenunua doti mbili za kanga katika duka la Mchangani, amelipa kwa simu, na muuzaji, ambaye simu yake iko kwenye chaji nyuma ya duka, anamwambia, "Hebu nioneshe meseji." Mteja ananyoosha simu. Katika ujumbe ule mna namba ya muamala, kiasi kilicholipwa, jina la mpokeaji, makato, na mwishoni kabisa salio, yaani fedha zote zilizobaki. Kwa kuwa simu hukusanya pamoja ujumbe wote wa mtumaji mmoja, kidole kikisukuma kidogo tu huonekana mshahara ulioingia, mchango uliotumwa kwenye harusi, mkopo uliokatwa na jina la aliyetumiwa usiku wa jana. Hakuna mtu ambaye angeufungua mkoba wake juu ya meza ya duka akazihesabu noti zake mbele ya waliopanga foleni, lakini hili hufanywa kila siku na huonekana ni uungwana wa kawaida.

Zaidi ya hapo, ujumbe ulio katika simu ya mnunuzi si ushahidi madhubuti, kwani unaweza kughushiwa au ukawa ni wa malipo ya jana. Ushahidi ni ujumbe ulioingia kwa muuzaji. Desturi iliyo bora kwa pande zote mbili ni mnunuzi kuitaja namba ya muamala na muuzaji kuitafuta katika simu yake au katika namba yake ya malipo ya biashara, na inafaa wenye maduka wenyewe waianzishe, maana mnunuzi peke yake huona haya kukataa. Kwa ujumbe wa kitapeli, ule unaomtaka mtu ile hela aitume kwenye namba hii nyengine, au unaojifanya umetoka kwa mwenye nyumba anayedai kodi, inatosha kuupeleka kwa namba 15040 kisha kuufuta.

WhatsApp husimba ujumbe tangu simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na hali hiyo imekuwa ya wote tangu Aprili 2016, hivyo kampuni haiyasomi maneno yenyewe yakiwa njiani. Usimbaji huo haumkingi mtu na aliyeishika simu yake. Mwenye dakika moja na simu iliyofunguliwa anaweza kuiunganisha akaunti na kompyuta yake, na kuanzia hapo akasoma kila kinachoingia akiwa mbali. Kwa hiyo orodha ya vifaa vilivyounganishwa, iliyomo katika mipangilio, ifunguliwe mara kwa mara na kifaa kisichojulikana kitolewe. Alama za buluu zinazoonesha kwamba ujumbe umesomwa huweza kuzimwa, kwa sharti kwamba aliyezima naye haoni za wenziwe. Kufuta kwa wote kunawezekana ndani ya muda wa zaidi kidogo ya siku mbili, lakini hakufuti picha ya kioo iliyokwisha kupigwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba baina ya mume na mke hakuna siri, na kwa hoja hiyo hupekua simu ya mwenza wao akiwa amelala. Hoja hii haina nguvu katika dini wala katika sheria. Sura ya Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, na Sura ya Nur, aya ya 27, inaamrisha ruhusa iombwe kabla ya kuingia nyumba ya mwengine. Ujumbe wa dada anayemweleza nduguye maradhi yake ni siri ya dada huyo, na aliyeoa au kuolewa na nduguye hakupewa haki ya kuisoma. Upande wa sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini, na tafsiri ya mfumo huo ni pana kiasi cha kuingiza simu ya mkononi. Wanandoa wakikubaliana kuaminiana namba za siri, hiyo ni hiari yao na ni jambo zuri. Upekuzi wa kunyatia ni jambo jengine.

Simu inapopelekwa kwa fundi itolewe laini na kadi ya kumbukumbu, na namba ya siri isiandikwe kwenye karatasi inayobandikwa nyuma yake, kama inavyozoeleka. Fundi akihitaji kuijaribu, mwenye simu awepo aifungue.

Limebaki suala la wanaosafiri, hasa wale wanaokwenda Muscat kwa jamaa zao wakakaa miaka, na laini ya Unguja ikabaki kabatini. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huchukuliwa na kampuni na namba yake huuzwa kwa mtu mwengine, ambaye ataanza kupokea salamu, madeni na namba za uthibitisho za benki zisizokuwa zake, bila ya kosa lolote kwa upande wake. Anayesafiri aitumie njia ya kubadilisha namba iliyomo ndani ya WhatsApp, awape jamaa namba mpya, na aende benki na kwenye huduma za fedha kubadilisha namba kabla hajaondoka, kwa kuwa akishafika huko mara nyingi huambiwa ahudhurie mwenyewe na kitambulisho chake.