Moyo Ukisharudi Kupiga

Mtu aliyezama katika Ziwa Victoria huweza kuopolewa akiwa hapumui, akakandamizwa kifua, na moyo wake ukaanza tena kupiga. Hata hivyo, hatari haijapita. Ubongo huanza kudhurika dakika chache baada ya kukosa oksijeni. Na hata damu inaporejea, madhara huendelea kwa saa na siku kadhaa. Shinikizo la damu huweza kushuka, homa kupanda, na degedege kutokea.

Hapo ndipo kazi ya muuguzi inapokuwa nzito. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni hulindwa ili kiwango chake katika damu kiwe kati ya asilimia 94 na 98. Homa huzuiwa, sukari na mkojo hupimwa.

Je, umahiri huo hupimwaje? Mtihani wa karatasi huonyesha anachokijua muuguzi, si anachoweza kutenda. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake walieleza mtihani wa vituo: mtahiniwa hutenda kazi katika kila kituo, na msimamizi humpa alama kwa kufuata orodha ya hatua.

Katika Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa, swali lingekuwa hili: shinikizo la damu likishuka, je, muuguzi atalitambua kabla ya kuambiwa? Kipimo cha haki huuliza pia kama vifaa vilikuwapo. Kisipofanya hivyo, humhukumu muuguzi kwa upungufu wa ghala.