Pointi nne za mezani zilizoipeleka Kenya nusu fainali

Kijiwe chochote cha bodaboda hapa Chanika kina mtaalamu wake wa pointi za mezani. Tangu Machi 8, 2025, Simba walipogomea mechi ya watani kwa kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, na Yanga wakadai wapewe pointi zao, Handeni nzima imejaa wanasheria. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, na ubishi uko palepale. Ajabu ni kwamba hakuna anayeitaja kesi kubwa kuliko hiyo, iliyotokea kwa majirani zetu Nairobi. Pengine kwa sababu ilikuwa ya kriketi, mchezo ambao wengi wetu tunasema ni wa Wahindi, kisha tunapita zetu.

Kombe la Dunia la 2003 liliandaliwa na Afrika Kusini, huku Zimbabwe na Kenya zikigawiwa mechi chache. New Zealand walipangiwa kukutana na Kenya jijini Nairobi Februari 21. Hawakutokea, walisema wanahofia usalama, na Kenya ikapewa pointi za mezani. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise pale Kikambala ilikuwa imelipuliwa, na siku hiyohiyo ndege ya Israel ikarushiwa makombora ilipokuwa ikipaa Mombasa. New Zealand wenyewe walikuwa na kidonda kibichi pia: Mei mwaka huo bomu lililipuka nje ya hoteli yao Karachi, wakakatisha ziara. Kwa hiyo woga wao siubezi. Lakini Sri Lanka nao walipangiwa Nairobi, siku tatu tu baadaye, na walikuja.

Walikuja, wakapigwa. Uwanjani Gymkhana, Februari 24, Kenya walianza kupiga wakapata mikimbio 210, sitini kati ya hiyo ikiwa ya Kennedy Otieno. Kisha mdogo wake, Collins Obuya, akaushika mpira. Huyu hakuwa mtu wa kasi. Alikuwa akirusha taratibu, akiuzungusha kwa kifundo cha mkono, na mpira ukigusa chini unakata kona mpigaji asikoutarajia. Aravinda de Silva, mkongwe aliyewapa Sri Lanka Kombe la 1996, alinaswa. Mahela Jayawardene akanaswa. Kumar Sangakkara naye. Ova kumi za kurusha, wiketi tano, yaani wapigaji watano nje, mikimbio 24 tu. Sri Lanka wote nje kwa 157, na Wakenya wakauzunguka uwanja wakishangilia.

Sasa tupige hesabu, maana wakosoaji nao wana hoja. Ushindi mmoja ulikuwa pointi nne, na Kenya ilimaliza kundi ikiwa na 16. Ukitoa zile za mezani zinabaki 12. West Indies na Afrika Kusini walikuwa na 14 kila mmoja, wakatolewa. Kwa lugha nyepesi, New Zealand wangekuja Nairobi wakashinda, Kenya isingevuka hata hatua ya makundi.

Sawa. Lakini mashindano yale yalikuwa na mezani tele, na Kenya peke yake ndiyo inayosimangwa. England ya Nasser Hussain iligomea kwenda Harare, ikapoteza pointi na kuaga mapema, Zimbabwe ikapita. Huko Harare kwenyewe, Andy Flower na Henry Olonga waliingia uwanjani na vitambaa vyeusi mikononi, kuomboleza demokrasia ya nchi yao. Afrika Kusini ndio kichekesho: Machi 3 mjini Durban, mvua ikinyesha, waliisoma vibaya karatasi ya hesabu za mvua. Mark Boucher, akidhani kazi imekwisha, aliuzuia tu mpira wa mwisho wakati walihitaji mkimbio mmoja zaidi. Sare. Wenyeji nje.

Kenya ya Steve Tikolo iliipiga Zimbabwe kwa wiketi saba mjini Bloemfontein, ikaangukia kwa India katika nusu fainali Machi 20. Hakuna aliyewapa mezani ushindi wa Bloemfontein.

Kwangu mimi, kashfa yenyewe ni yaliyofuata. Kufikia 2004 wachezaji walikuwa wakigombana na viongozi wao kuhusu malipo, wengine wakagoma. Mwaka uliofuata chama cha zamani kikaondoka, Cricket Kenya ikashika usukani. Timu iliyotoka nusu fainali ilihitaji mechi na mishahara. Ilipata migogoro.

Katikati ya vurugu hizo akaanguka Maurice Odumbe, nahodha aliyeishangaza West Indies mjini Pune mwaka 1996, Kenya ikiwatoa wote nje kwa mikimbio 93 tu. Agosti 2004 Jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe alimkuta na hatia ya kupokea fedha kutoka kwa mchezesha kamari, akafungiwa miaka mitano. Odumbe alikana. Alirejea uwanjani 2009, akiwa na miaka 40. Mwaka 2014, baada ya kufanya vibaya katika mechi za kufuzu, Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mechi hizo za kufuzu zilichezwa New Zealand, na safari hii timu zote zilifika.