Nani anatutunzia picha za Mwanjelwa?

Nilikuwa natafuta picha ya Soko la Mwanjelwa, Mbeya, iliyopigwa kabla soko halijaungua Desemba 2006. Sikuipata. Nilichoambulia ni namba, na namba hiyo imenikaa kichwani hadi leo.

Ilikuwa kwenye blogu moja ya mkoani, ya zile zilizokuwa zikiishia na neno blogspot, ambayo haijaguswa kwa miaka. Picha yenyewe ya sokoni, ya mwaka mwingine, ilikuwa ndogo mno. Ulichoweza kuona ni akina mama wamekaa nyuma ya viazi, nyuso hazisomeki. Nikaibofya ili niitazame peke yake, macho yakaenda juu kwenye anwani yake. Herufi zimefuatana bila mpango, mkwaju, herufi tena, halafu karibu na mwisho: s320. Baada yake, jina la picha: DSC_0412.JPG.

Nikafuta 320, nikaandika 1600.

Picha ikafunguka upya, upana mara tano ya ile ya awali. Viazi mviringo vimejazwa kwenye sado hadi vimefanya kichuguu, na kila kichuguu kimewekewa kiazi kikubwa juu kama kawaida ya wauzaji. Mama wa kwanza amevaa sweta la kijani juu ya kitenge, vifungo vyote vimefungwa, maana baridi ya Mbeya haina utani. Nyuma yao Hiace imesimama, ubavuni inasomeka Uyole. Kijana mmoja ananing'inia mlangoni mdomo wazi, bila shaka anaita abiria. Haya yote yalikuwemo tangu siku ile picha ilipopandishwa, yamekaa nyuma ya picha ndogo, na pengine hakuna aliyewahi kuyatazama.

Namba ile maana yake ni nyepesi. Ni idadi ya pikseli za upande mrefu wa picha. Mtu akipandisha picha kwenye Blogger, mtambo unaihifadhi kubwa kisha unaitoa kwa kipimo kinachoombwa: 200, 320, 400, 640, 1600. Ukurasa wa blogu huomba ndogo ili ufunguke upesi. Kubwa inabaki stoo, inasubiri mtu wa kuiomba.

Upesi huo ulikuwa na sababu. Mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na wenye umri wangu wanakumbuka kukaa kwenye intaneti kafe ya Iringa mjini umelipia nusu saa, ukaitumia yote kuitazama picha moja ikishuka mstari kwa mstari kutoka utosini hadi kidevuni. Ukurasa wenye picha kumi kubwa usingefunguka hadi unafukuzwa kwenye kiti.

Na lile jina, DSC_0412, halikuandikwa na mwenye blogu. Ni kamera iliyolitoa yenyewe, kwa zamu, kila kitufe kilipobonyezwa. Picha iliyofuata kwenye ukurasa uleule ilikuwa DSC_0419. Kati ya hizo mbili zimepita sita ambazo mpiga picha alizipiga palepale sokoni na hakuzipandisha. Labda zilitoka na ukungu. Labda mama wa pili alikataa. Labda zilifutwa kwenye memori kadi jioni ileile ili kupata nafasi ya harusi ya Jumamosi. Mpangilio wa namba umehifadhi hata pengo.

Stoo hii ni ya nani? Jibu la haraka ni Google. Jibu la kweli zaidi linaanzia kwa mtoto wa mkulima.

Evan Williams alizaliwa mwaka 1972 akakulia shambani karibu na Clarks, katika jimbo la Nebraska, Marekani. Nebraska ni nchi ya mahindi. Mtu wa Ismani, Iringa, asingejiona mgeni sana. Chuo kikuu alikiacha njiani. Mwaka 1999, akiwa San Francisco, yeye na Meg Hourihan walianzisha kampuni ndogo, Pyra Labs, wakiwa na lengo la kutengeneza programu ya kusimamia kazi za ofisi. Ofisini mwao walikuwa na ukurasa wa ndani wa kuachiana habari na viungo, wakauita Stuff. Williams alikuwa na programu ndogo ya kurahisisha mambo: unaandika kwenye fomu, unabofya, maneno yanakwenda yenyewe kwenye ukurasa. Kwa mtu asiyejua kuandika msimbo, jambo hilo wakati ule lilikuwa muujiza. Tarehe 23 Agosti 1999 wakaitoa kwa watu wote, bure, kwa jina la Blogger.

Bure ilipendwa, na kupendwa kukageuka mzigo. Kila aliyejisajili aliongeza uzito kwenye seva, na hakuna aliyelipa hata senti. Seva zilipoanza kuzidiwa, kampuni iliwaomba watumiaji wachange, nao wakachanga ili zinunuliwe nyingine. Haikutosha. Januari 2001 fedha ziliisha kabisa. Wafanyakazi wote wakaondoka, Hourihan naye akaondoka. Mwisho wa mwezi ule Williams aliandika kwenye ukurasa wake kwamba sasa amebaki mmoja, na kwamba ataendelea.

Miaka baadaye alimsimulia Jessica Livingston habari za kipindi kile, katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 2007 kwenye kitabu Founders at Work. Unapomsoma huoni mtu anayejitangaza shujaa. Unaona mtu aliyebaki na mtambo ambao bado unakua ilhali kampuni imekufa, akakataa kuuzima kwa sababu hiyohiyo: watu walikuwa wanaendelea kuja. Programu ni yeye, seva ni yeye, lawama za watumiaji ni yeye. Aliyemtupia kamba alikuwa Dan Bricklin, mmoja wa waliotengeneza programu ya lahajedwali ya VisiCalc, ambaye alisoma habari za kubaki kwake peke yake, akamtafuta, na kampuni yake ya Trellix ikalipia haki ya kuitumia Blogger. Fedha ile ilimvusha. Februari 2003 Google ikainunua Pyra, na huduma ambazo zilikuwa zimeanza kulipiwa zikarudi kuwa bure.

Mwaka 2004 Google ikainunua pia Picasa, programu ya picha, na mwaka 2005 Blogger ikapata kitufe cha kupandishia picha moja kwa moja. Wakati huo Williams hakuwa ofisini tena; alishaondoka Google 2004, na baadaye angekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Twitter. Lakini seva alizozibeba kwa bega moja zilikuwa bado wazi, na sasa zilipokea picha.

Msomaji wa Kitanzania anajua kilichofuata. Septemba 2005, huko Helsinki, Finland, mpiga picha wa Daily News, Muhidin Issa Michuzi, akiwa safarini kikazi, alifunguliwa blogu kwa msaada wa Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili. Michuzi akawa Ankal, wasomaji wakawa wadau, blogu ikawa Globu ya Jamii, na kazi ya kila siku ikaitwa kuendeleza libeneke. Wadau walioko London na Houston waliamka wakitazama misiba, harusi na foleni za nyumbani.

Nyanda za Juu Kusini hazikubaki nyuma. Maggid Mjengwa, mwandishi wa safu magazetini, aliiendesha blogu yake kutoka Iringa, na salamu yake ya "Ndugu zangu" ilijulikana mbali kuliko mji wenyewe. Francis Godwin naye, palepale Iringa, alijijengea jina kwa Matukio Daima. Mbeya kukawa na Mbeya Yetu. Lori limepinduka kwenye mteremko wa Kitonga, picha utaikuta. Waziri kaja kuzindua zahanati, picha utaikuta, pamoja na ya mbuzi aliyezawadiwa. Magazeti ya Dar es Salaam yasingetoa nafasi kwa mbuzi yule. Blogspot ilikuwa na nafasi kwa sababu nafasi haikuwa na bei.

Na si mbuzi tu. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa, aliuawa akiwa kazini, akiwa amezungukwa na askari polisi. Picha za tukio lile zilizunguka blogu kwa blogu kwa kasi ambayo hakuna taarifa ya kiofisi ingeifikia. Mwaka 2016 askari mmoja alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Anayesema blogu zile zilikuwa za umbea wa mjini arudi aitazame siku ile.

Halafu likaja swali la ada. Machi 2018 serikali ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa alipe shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na nyingine 1,000,000 ya mwaka. Chombo bure, ruhusa milioni mbili na laki moja. Kwa mtu wa Makambako anayepandisha picha baada ya kufunga duka, hesabu ile haikuwa na mjadala. Waliokuwa na matangazo walilipa, baadhi wakanyamaza, wengi wakahamia Instagram na magrupu ya WhatsApp. Baadaye kanuni zililegezwa, ila waliokwisha kuondoka walikuwa wameshazoea kwingine. Na huko kwingine picha haitunzwi vilevile: ile inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa njiani, na inafika bila jina ililopewa na kamera. Mtu wa mwaka 2040 hatakuta s320 ya kubadilisha.

Hapo ndipo ninapokwama. Blogu zile zilizoachwa bado zipo. Zimeachwa kama mashamba ambayo mwenyewe amehamia mjini, ila mazao yamesimama. Na zipo kwa sababu ya bure ileile. Mwanablogu aliyefanikiwa, akanunua jina lake la tovuti na kuhamishia kila kitu kwenye seva ya kulipia, siku aliyoshindwa kulipa ada ya mwaka kila kitu kilizimika. Asiyekuwa na hela akabaki Blogspot, na kazi yake bado inafunguka.

Lakini bure hubadilika mwenyewe akiamua. Mwaka 2017 Photobucket, iliyokuwa imetunza picha za watu bure kwa miaka, ilidai dola 399 kwa mwaka kwa yeyote anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine, na kurasa zisizo na idadi duniani zikabaki na mabango ya kijivu mahali pa picha. Flickr ilitangaza mwaka 2018 kwamba akaunti ya bure itaishia picha 1,000. Google yenyewe ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na mwaka huohuo ikaifunga Album Archive, mahali ambapo mwenye blogu angeweza kuziona picha zake zote kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo wenye blogu wengi hawakulijua. Kwa miaka mingi, ulipokwenda kwenye mipangilio ya Blogger na kupakua nakala ya blogu yako, faili ulilopata lilikuwa na maneno yako yote, tarehe na maoni ya wadau. Picha hazikuwemo. Kilichokuwemo ni anwani zake tu, ile mistari mirefu yenye s320. Ulibeba funguo, nyumba ikabaki Marekani.

Picha za zama za Wajerumani tunajua pa kuzitafuta. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za makoloni, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwemo, na mtu yeyote anazitazama. Boma la Iringa, lililojengwa na haohao, tangu 2016 ni makumbusho. Wakoloni walitupiga picha na wamezitunza. Sisi tulijipiga wenyewe, kwa kamera zetu, sokoni kwetu, na utunzaji tukauacha kwa kampuni ambayo haijui hata kama Mwanjelwa ni jina la mahali.

Sina jibu la nani azichukue. Hakimiliki ni ya wapiga picha, na baadhi yao wamekwishatangulia mbele ya haki bila kumwachia mtu nywila. Yule mama wa sweta la kijani hakuulizwa kama sura yake ikae hewani maisha yote, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Je, ana haki ya kusema itolewe? Na akisema ibaki, atamwambia nani?

Ninachoweza kukadiria ni uzito wa mzigo. Picha ya pikseli 1,600 tuiwekee kilobaiti 400. Picha laki moja za namna hiyo ni gigabaiti 40. Flashi ya gigabaiti 64, inayouzwa kwenye maduka ya simu Mafinga, inazibeba zote na nafasi inabaki. Basi tatizo si mtambo, wala si fedha. Makumbusho yapo, vyuo vikuu vipo Iringa na Mbeya, wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kupita kwa wanablogu wale mmoja mmoja, kuomba ruhusa, wakati bado wanazikumbuka nywila zao.