Kijiko Kimoja cha Mchanga kwenye Ndoo

Mzee mmoja mstaafu wa Kigamboni aliniita nimsaidie kuchagua chujio la maji. La kwanza lilikuwa limeziba ndani ya wiki mbili, la pili ndani ya siku tisa. Mashine ya kufulia ilikuwa imegoma, na bomba la mvua bafuni lilibaki na matundu matano yanayotoa maji. "Mwanangu, nionyeshe chujio imara tu, hela nitatafuta," aliniambia. Nikamwomba kwanza ndoo nyeupe ya lita 20.

Tulikinga maji kwenye bomba linalopanda kutoka kisimani, kabla hayajaingia kwenye tanki, baada ya pampu kufanya kazi nusu saa. Tukayaacha yatulie dakika kumi, kisha tukayamwaga taratibu. Chini ya ndoo palibaki mchanga wa kahawia. Tulipoukusanya ukajaza kijiko cha chai.

Kijiko cha chai cha mchanga kina uzito wa takriban gramu 8. Nyumba ile hutumia ndoo 50 kwa siku, yaani lita 1,000. Hiyo ni gramu 400 kila siku, na kwa mwaka ni kilo 146, pungufu kidogo ya mifuko mitatu ya saruji. Mzee akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo kila mwenye kisima cha namna hiyo anapaswa kuliuliza: mzigo wote huo unatoka wapi?

Unatoka kwenye ardhi inayolizunguka bomba la kisima. Mchanga unapotoka, nyuma yake panabaki uwazi, na uwazi huo ukikua udongo wa juu hushuka, bomba hukosa mhimili na linaweza kupinda au kupasuka. Ndiyo maana nasema wazi kwamba chujio lililofungwa ukutani halitibu kisima kinachotoa mchanga. Huuficha ugonjwa machoni pa mwenye nyumba huku kisima kikiendelea kujila.

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya tabaka za mchanga na mfinyanzi, na maji tunayoyavuta yamo katikati ya chembe za mchanga huo. Kwa hiyo kisima cha huku hakiwezi kuwa shimo lenye bomba tu. Pale penye maji huwekwa skrini, yaani bomba lenye mipasuko myembamba. Kati ya skrini na ukuta wa shimo humwagwa changarawe iliyochekechwa, ambayo kwa kawaida chembe zake ni kubwa mara nne hadi sita kuliko za mchanga wa mahali hapo. Mchanga unazuiwa na changarawe, changarawe inazuiwa na mipasuko ya skrini. Saizi mojawapo ikikosewa, kinga yote imevunjika. Nimeona mabomba ya kawaida yaliyokatwa kwa msumeno wa chuma kando ya shimo, kila mpasuko na upana wake, yakazamishwa kwa jina la skrini. Hasira yangu juu ya jambo hili haijawahi kupoa, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kuliona tena likishafukiwa.

Baada ya ujenzi, kisima husafishwa kwa hewa ya kompresa, kazi ambayo mafundi huiita kuflashi. Lengo ni kuzitoa chembe ndogo zilizo karibu na skrini ili zile kubwa zibaki na kujipanga. Inaweza kuchukua saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Dizeli inapokuwa ghali, hapa ndipo wengi hulipua kazi.

Unaweza kujua mengi kwa kuangalia mchanga unatoka lini. Ukitoka pampu inapowaka tu, kisha maji yakatakata, mara nyingi ni mshtuko wa kuwasha. Hapo husaidia kujaza tanki kwa mkupuo mmoja mrefu badala ya kuwasha na kuzima mara ishirini kwa siku. Ukitoka mfululizo, tatizo liko kwenye skrini, changarawe, au pampu inayovuta kupita uwezo wa kisima. Ukianza ghafla baada ya miaka mingi ya maji safi, shuku bomba lililopasuka. Na maji yakichafuka kila mvua inaponyesha, huenda maji ya juu yanapenya kandokando ya bomba pamoja na uchafu wa vyoo. Hayo msiyanywe bila kuyatibu, na yapelekeni maabara yakapimwe.

Sugua pia mashapo kati ya vidole. Mchanga hukwaruza, tope laini huteleza kama unga, na mfinyanzi hunata. Tofauti hiyo ina gharama zake. Chembe ya mchanga mwembamba, ya milimita 0.1, huzama mita moja kwenye tanki kwa dakika mbili hivi. Tope la milimita 0.01 huhitaji kama saa tatu. Mfinyanzi unaweza kuelea siku nyingi, na tanki pekee halitausafisha.

Kwa mzee wetu tuliichomoa pampu, tukashusha kamba yenye chuma kizito mwishoni. Karatasi ya mchimbaji, ambayo kwa bahati nzuri alikuwa ameitunza, ilisema kina cha mita 60, na skrini kuanzia mita 48 hadi 57. Kamba ilisimama mita 51. Mita tisa za chini zilikuwa zimejaa mchanga, na kati ya mita tisa za skrini zilibaki tatu tu zilizo wazi. Maji yaleyale yalikuwa yakipita kwenye theluthi ya mlango, kwa kasi mara tatu, na kasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba mchanga zaidi na kuzidi kuifukia skrini. Pampu yenyewe ilikuwa ikining'inia mita 50, mita moja tu juu ya rundo. Impela zake, yaani magurudumu ya ndani yanayosukuma maji, zilikuwa zimelika kingo hadi kuwa kali kama wembe. Baadhi ya watengenezaji wa pampu za kuzamisha huweka kikomo cha gramu 50 za mchanga kwa kila lita 1,000. Yake ilikuwa ikimeza gramu 400.

Kompresa iliutoa mchanga ule kwa saa sita, maji yakiwa mazito kama uji wa ulezi hapo mwanzo. Kisha tukaweka pampu ndogo zaidi, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikitoa lita 5,000 kwa saa kwa nyumba inayotumia lita 1,000 kwa siku nzima. Tukaining'iniza mita 44, juu ya skrini, ikiwa bado imefunikwa vizuri na maji hata inapovuta. Kwenye bomba la kutolea tukaweka geti vali, yaani koki ya kupunguza mtiririko, na kuibana kidogo kidogo, tukipima ndoo kila mara.

Chujio lina nafasi yake, lakini baada ya hayo. Kitenganishi kinachozungusha maji kwa kasi hutupa mchanga pembeni na hufaa kwa masalia, mradi saizi yake iendane na mtiririko wa pampu. Kikiwa kikubwa kuliko mtiririko, maji hayazunguki vya kutosha. Kwenye tanki, bomba la kwenda nyumbani litoke juu kidogo ya sakafu, na chini kabisa pawe na koki ya kutolea mashapo.

Kwa anayechimba sasa: tumia mchimbaji mwenye leseni ya Wizara ya Maji, dai karatasi yenye kina, mahali pa skrini na saizi ya changarawe, na bakiza malipo ya mwisho hadi siku ya ndoo. Pampu ifanye kazi saa kadhaa, ndoo nyeupe ikingwe mbele yako na mchimbaji akiwepo.

Mzee wa Kigamboni sasa hukinga ndoo yake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kuandika kwenye daftari. Mara ya mwisho nilipopita, chini ya ndoo palikuwa na chembe za kuhesabika, na alikuwa amezihesabu.