Finisha ya fotokopi: hesabu seti kabla ya kuilipia

Wenye maduka ya fotokopi wanaotafuta mashine kubwa zilizotumika huambiwa na wauzaji kuwa yenye finisha ni bora, na bei hupandishwa. Finisha ni lile sanduku la ubavuni linalopokea karatasi zilizokwisha kuchapwa, likazilinganisha, likazipiga pini na kuzirundika. Wapo wanaolilipia kisha likageuka meza ya kuwekea rimu.

Kwanza ifahamike kuwa kupanga kurasa kwa mfuatano si kazi ya finisha. Mashine ya kidijitali huhifadhi kurasa kwenye kumbukumbu yake, kisha hutoa seti nzima kabla ya kuanza nyingine. Nyingi huweza hata kutoa seti moja imesimama na inayofuata imelala ili zisichanganyike, mradi A4 iwekwe kwenye trei mbili kwa mielekeo hiyo. Muuzaji anayedai finisha ndiyo inayopanga kurasa anamuuzia mteja kitu alichokwisha kukinunua.

Kazi yake halisi huanza karatasi inapotoka kwenye rola za moto na kuingia katika trei ya ndani iliyoinama. Vipande vya mpira vinavyozunguka kama makasia huivuta irudi nyuma hadi igote ukingoni. Kisha mabamba mawili huisukuma kutoka pande zote mbili, kama karani anavyogonga rundo mezani, ila hapa kila karatasi hugongwa inapofika. Ikishaingia ya mwisho, stepla ya mota hupiga pini na kukunja miguu yake. Seti husukumwa nje hadi trei kubwa, ambayo hushuka kidogo kidogo kila sensa inapoona rundo limepanda.

Finisha nyingi za ofisini hubana hadi karatasi 50 za gramu 80. Zikiwa nzito zaidi, idadi hupungua. Kuhusu gramu, mizani ya dukani inatosha: rimu ya A4 yenye karatasi 500 za gramu 80, bila kifungashio, ina uzito wa kilo 2.5. Ikipungua sana, ama karatasi ni nyepesi kuliko ilivyoandikwa au hazikutimia.

Je, inalipa? Chukua shule inayotaka seti 200 za mtihani wenye karatasi 10. Hizo ni karatasi 2,000, na mashine inayotoa 30 kwa dakika itatumia kama dakika 67. Ikiwa msaidizi hutumia nusu dakika kulinganisha na kubana kila seti, atahitaji dakika 100. Lakini hubana huku mashine ikiendelea kutoa, hivyo mteja anaokoa nusu saa tu na ushei. Faida kubwa ni kwamba msaidizi anabaki huru kuhudumia wengine.

Gharama ya pini nayo isisahaulike. Ikiwa katriji ya pini 5,000 inauzwa shilingi 50,000, kila pini ni shilingi 10. Kasha la pini 1,000 za mkono likiuzwa shilingi 1,000, pini ni shilingi moja.

Kwa hiyo duka linalohudumia shule, vyuo au vyama vya ushirika vinavyoandaa taarifa za mkutano mkuu lina sababu ya kuinunua. Duka la jirani na benki, ambako wateja huleta kitambulisho kimoja kimoja, halina. Waliotegemea makabrasha ya zabuni za serikali wawe waangalifu zaidi, kwani mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023 umehamishia maombi hayo kwenye mtandao.

Kwa aliyeamua kununua, asikubali kuonyeshwa nakala moja. Aombe seti 20 za karatasi 10, zikiwa zimebanwa, kutoka rimu iliyofunguliwa hapo hapo. Karatasi iliyokaa wazi kwenye unyevu wa Tanga au Dar es Salaam hujikunja na kuilaumisha mashine bure. Seti zikitoka zimepinda kuelekea nyuma, mara nyingi makasia ya mpira yamechakaa. Zikipishana pembeni, mabamba hayasukumi sawasawa. Pini zikitoka zimekunjamana, fundi afungue stepla mbele yake, na bei ya kipuri ijulikane kabla fedha hazijatoka mfukoni.